Kanyaga, Shika

Paipu za zamani nimezilaza barazani.
Mpira umepasuka kama kisigino cha mwenda peku,
na moja imevimba ubavuni, uvimbe wa punje ya kunde,
pale nguvu ya guu langu ilipokuwa ikiishia
kabla haijafika gurudumuni.

Dukani, barabara ya nane, Twahiri alinimwagia tatu mezani.
Zote zimesukwa kwa nyuzi za chuma, zote zinameta,
zote, kwa kinywa chake, orijino.
Nikamwomba sumaku.
Akaitoa droo ya chini, polepole, kama anayelipa deni.
Ya kwanza ikairukia, ka!
Hiyo ni bati lililojipaka wanja;
chumvi ya Tanga ingefuturu nayo kabla mwezi haujaandama.
Ya pili haikunasa, lakini ilikuwa uchi,
nyuzi zake msasa: chochote itakachokigusa
itakikeketa usiku na mchana.
Ya tatu imevaa kanzu ya plastiki, chuma unakiona ndani,
na shingoni ina mhuri.
Bei yake, magunia matatu ya kabichi.
Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikatoa.

Shekiondo, kijana wangu, yuko msibani Muheza,
kwa hiyo nimefunga peke yangu,
kwa spana ya pete yenye mwanya,
maana nati hizi ukizivamia zinalika pembe.
Washa mpya za shaba, mbili kila bolti;
za zamani watoto wa jirani wameshazifanya pete za harusi.
Nimezungusha usukani hadi mwisho, kushoto, kulia,
nikiitazama paipu: isivutike, isijikunje, isibusu tairi.

Imebaki kutoa upepo, na hiyo si kazi ya mtu mmoja.
"Mama!"

Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli.
Kauweka ungo wa mchele juu ya boneti,
kavua ndala mlangoni mwa gari
kama anayeingia nyumba ya watu.
"Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shika,
usiachie mpaka niseme."
"Na hicho chuma ni cha nini?"
"Mpira ukipata joto unatanuka, Mama. Chuma hakitanuki."
"Daktari wa Bombo kaniambia mishipa yangu imekuwa migumu,
niache chumvi. Wewe unauza kabichi
ununue migumu."

Nilicheka chini ya gari
hadi mafuta ya breki yakanidondokea shavuni.
"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shika."
Nikalegeza nati. Mapovu yakateremka
kwenye kipira cheupe, ndani ya chupa ya soda.
"Imezama! Guu limefika chini kabisa!"
"Ndivyo inavyotakiwa. Shika hapohapo."

Kimya. Kuku wakaanza kuudonoa ungo, hakuwafukuza.

"Siku ile Soni, ilizama hivi?"

Soni sikumwambia mtu.
Nilisema nimelala Mombo kwa pancha.
Sikuitaja kona, wala mzigo ulionisukuma kisogoni,
wala gia ya kwanza ilivyolia kama mbuzi wa kuchinjwa,
wala mlima ulioramba mlango wangu
nikaushukuru kwa kuwa upande ule, si ule mwingine.
Mlango niliupaka rangi mwenyewe, usiku.
Rangi haikufanana. Nilidhani ni mimi tu nionaye.

Nikakaza nati.
"Achia."
"Hujanijibu."
"Achia kwanza, Mama."
Hakuachia.

"Ilizama," nikasema.
Ndipo pedali ikapanda.

Tulizunguka magurudumu yote manne, hatukuzungumza
ila yale maneno matatu,
yeye akiyaitikia kama aitikiaye dua.
Kwenye la mwisho hapakuwa na povu hata moja.
"Sasa ngumu," akasema. "Kama kizingiti."
"Tumemaliza. Shuka, kuku wanamaliza mchele."

Hakushuka.
Akakanyaga tena, bila kuambiwa,
mara nne, mara tano,
huku akinitafuta kwenye kioo.